Sura ya Saba: Taa ya Upande wa Mke

Koplo waliyemwita Nyundo alikuwa amevua shati la kazi na kulitundika msumarini, lisichafuke. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Ya pili ilikuwa sakafu. Ilikuwa imemwagiwa maji, na maji yalikuwa yakijivuta kwenye tundu la ukuta yakiwa na rangi ya kutu.

"Umechelewa, Kobe," Nyundo alisema akihema. "Mtu wako ameshaimba."

Kituo kizima kilimwita mpelelezi Kobe kwa ajili ya mwendo wake, naye hakuwahi kuharakisha ili walibadilishe jina hilo. Alimtazama dereva wa teksi aliyefungwa kwenye kiti. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimegeukia upande ambao vidole havigeukii. Kidole gumba kilikuwa kizima, kwa sababu kilihitajika. Kilikuwa cheusi kwa wino.

Mkuu wa kituo alikuwa dirishani, akichokonoa meno.

"Amekiri," alisema bila kugeuka. "Alimponda baba mkwe wake kwa chuma cha jeki ndani ya lile gari-nyumba. Gari likagoma kuwaka, akalibusti kwa teksi yake, akalipeleka machimboni ili ionekane ni kazi ya wavunja kokoto. Saa tisa namfikisha mahakamani mwenyewe. Hii ni ya kamba shingoni, hakuna mjadala."

"Leo hii?"

"Unataka nimlee?"

Kabati la Mkuu lilikuwa na faili la mwanamke aliyegongwa na gari la mkubwa fulani, na faili lile lilikuwa limeota vumbi la kufuta kwa fagio. Hili la mzee wa gari-nyumba lilikuwa na siku mbili, na tayari lilikuwa limepigwa pasi.

Mpelelezi alichuchumaa mbele ya kiti.

"Ulilibusti gari la mzee?"

"Kila asubuhi, afande." Maneno yalitoka na mate mekundu. "Betri yake ya injini ilikuwa imechoka. Kila asubuhi nampelekea teksi, tunaunga waya, linawaka, ananiambia asante mwanangu. Usiku ule sikwenda. Naapa kwa…"

Nyundo alimpiga teke la mbavu, na kiapo kikakatikia hapo.

Nje, kwenye benchi, alikaa mke wa dereva, ambaye ndiye binti wa marehemu. Baba alikuwa amekufa, na mume alikuwa nyuma ya ukuta akisikika. Alimshika mpelelezi mkono wa shati.

"Afande, baba alikataa kuhama kiwanja ambacho wakubwa wanakitaka. Walikuja mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa virungu. Waulize hao kwanza."

"Akina nani?"

Mwanamke aliinua kidevu, akaonyesha mlango ambao mpelelezi alikuwa ametokea.

*

Gari-nyumba lilikuwa limesimama ukingoni mwa machimbo, pua chini. Lilikuwa la zamani, bati lake limebabuka rangi. Mzee aliyekuwa dereva wa masafa marefu alilinunua yeye na mkewe ili watembee wakistaafu. Mke akafa kabla ya safari ya kwanza. Mzee akaliegesha kwenye kiwanja chao, akahamia humo, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Ndani, damu ilikuwa imerukia dari. Ilikuwa kitandani, kwenye pazia, kwenye vikombe viwili vilivyotundikwa juu ya beseni. Yeyote aliyempiga hakuacha mzee alipoacha kujitetea.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa tayari amefungua boneti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya honi, na mji mzima ulimwita Mama Fyuzi.

"Njoo uone, Kobe wangu, kabla sijazeeka," alisema. "Gari hili lina betri mbili. Hii ya mbele ni ya injini. Ile ya chini ya kitanda ni ya nyumba, ya taa, feni, jokofu. Katikati kuna aisoleta." Aligonga kikopo cha chuma kilichofungwa ukutani mwa injini, na nyaya nene mbili zikiingia humo. "Kazi yake ni kama mlango. Ukiwasha swichi ya gari, mlango unafunguka, betri zote mbili zinachajiwa. Ukizima, unafungwa. Jokofu linanyonya betri ya nyumba peke yake, ya injini inabaki salama."

"Na hapa?"

Aliweka mita ya umeme kwenye betri ya mbele. Namba ilisimama kwenye nane na kidogo. Akaingia ndani, akapima ya chini ya kitanda. Namba ile ile.

"Zimekufa pamoja kama wapenzi," alisema. "Swichi imezimwa, mlango ungekuwa umefungwa. Haujafungwa."

Alichomoa waya mmoja mnene, akagusisha ncha za mita kwenye vichwa viwili vya aisoleta. Mita ikalia piii, bila kukoma. Aligonga kikopo kwa mpini wa bisibisi, ikaendelea kulia. Aligonga kwa spana, ikaendelea.

"Imegandiana. Jokofu limenyonya betri zote mbili mpaka tone la mwisho. Ni uzee tu. Aisoleta za siku zile zinakufa hivi. Funga kazi, nirudi kwa wateja wangu."

Mpelelezi hakufunga kazi. Aliingia kwenye gari-nyumba na kukaa huko mpaka Mama Fyuzi akaanza kupiga honi ya gari lake. Alipotoka, alikuwa amebeba leso iliyofungwa kwa uangalifu.

"Umeokota mayai?"

"Balbu."

"Mke wako angekuona unatembea na balbu kwenye leso…"

"Hakuna wa kuniona. Tazama."

Aliifungua leso juu ya bampa. Balbu tatu zilikuwa nyeusi tii, vioo vimevimba, moja imepasuka. Balbu nyingine zilikuwa nzima.

"Hizi nyeusi nimezitoa juu ya meza, juu ya beseni, na upande wa kushoto wa kitanda," alisema. "Swichi zake ziko wazi. Zilikuwa zinawaka. Hizi nzima ni za chooni, kabatini, na upande wa kulia wa kitanda. Swichi zake zimefungwa. Ya upande wa kulia ina vumbi la miaka, juu ya kioo na juu ya swichi."

"Upande wa mke," Mama Fyuzi alisema polepole.

"Upande wa mke. Haijawashwa tangu afe. Kwa hiyo ikapona."

Mama Fyuzi aliinua balbu moja nyeusi, akaielekeza juani. Honi ya sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Balbu ya uzee hukatika uzi, kioo kinabaki kisafi. Hii imelishwa kupita kiasi. Hizi ni za volti kumi na mbili. Hii imekula ishirini na nne."

"Inatoka wapi ishirini na nne?"

"Lori. Malori yana betri mbili zilizoungwa moja nyuma ya nyingine. Ukitaka kubusti gari dogo kwa lori, unabana waya kwenye betri moja tu. Ukibana mwanzo wa hii na mwisho wa ile, unampa mtoto mzigo wa tembo." Alikwisha kuchukua spana, akaing'oa aisoleta na kuifungua kifuniko. Harufu ya vanishi iliyoungua ikawapanda puani. Midomo miwili ya shaba iliyotakiwa kuachana ilikuwa imeyeyuka ikawa donge moja. "Nimesema uongo. Si uzee. Alibana betri zote mbili, akawasha swichi, mlango ukafunguka, ishirini na nne zikaingia mpaka chumbani. Taa zilizokuwa zinawaka zikaungua. Aisoleta ikayeyukia hapo hapo."

"Teksi ingeweza kufanya hivi?"

"Teksi ina kumi na mbili. Kijana angebusti kwa teksi mpaka Kiyama, balbu zisingeungua."

Mpelelezi alitazama chini machimboni. Malori matatu ya kokoto yalikuwa yamepangwa kwenye vumbi.

*

Huko chini, Mama Fyuzi akiwa nyuma yake, mpelelezi hakumaliza swali lake. Nyapara wa machimbo alisikia neno "malori" na "mzee" katika sentensi moja, akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto na kulirusha. Lilimpata mpelelezi begani. Wavunja mawe wawili walitoka nyuma ya rundo, nyundo mikononi.

"Mmemaliza huko kituoni, sasa mnatafuta wa kujazia!" nyapara alifoka. "Mwaka jana mlichukua wanne hapa! Mmoja alirudi na macho hana!"

Nyundo ya kwanza ilipita karibu na sikio la mpelelezi na kuvunja kioo cha pembeni cha lori. Kobe hakuwa mwepesi, ila mkono wake haukuwa na habari na miguu yake. Alimpiga mvunja mawe kwenye goti kwa spana aliyoazima kwa Mama Fyuzi, goti likatoa mlio, mtu akalala. Wa pili alimrukia mgongoni. Wakabiringika kwenye kokoto, wakinyofoana nyama, mpaka Mama Fyuzi alipombana yule mtu sikio kwa koleo la waya na kukataa kuliachia.

"Mimi sina cheo," alimwambia. "Nikilikata hakuna wa kunihoji."

Mpelelezi aliinuka, damu ikimtiririka kwenye kola. Alimshika nyapara shingo akamgandamiza kwenye tairi la lori.

"Nataka kumtoa kijana, si kukuingiza wewe. Lori gani la hapa liliwaka usiku ule?"

"Hakuna!" Nyapara alikohoa. "Fungua sanduku la betri, uone!"

Mama Fyuzi alifunua sanduku la pembeni la lori. Lilikuwa tupu, nyaya zimening'inia. Akafunua la pili, la tatu. Matupu.

"Betri ziko wapi?" alidhihaki. "Malori yenu yanakula majani?"

"Wezi," nyapara alisema. "Kila jioni tunazifungua betri zote, zinalala na mlinzi kibandani. Asubuhi tunazirudisha tukiwa na kazi. Leo mmetufungia machimbo, ndiyo maana bado ziko huko. Mlinzi analala juu yake, mke wake mwenyewe anazionea wivu."

Waliangalia. Kibandani, betri zilikuwa zimepangwa chini ya godoro, na mlinzi juu yake alikuwa amewanyooshea panga mpaka nyapara alipomtukana kwa jina la mama yake.

"Ila lori moja lilikuja," nyapara aliongeza, akifuta damu puani. "Nyuma ya hilo gari-nyumba. Likamngoja dereva wa gari-nyumba ashuke, likamchukua, likaondoka. Si letu."

"La nani?"

"Ukinitazama meno utaona bado yako yote. Nayapenda."

"Lina rangi gani?"

Nyapara alimtazama kiunoni, kwenye pingu, kisha shati, kisha kofia. Rangi ile ile ya polisi. Akatema mate chini.

*

Lori la kituo lilikuwa uani, nyuma lina mabenchi na mnyororo wa kufungia mahabusu. Mpelelezi alifunua sanduku la betri. Betri mbili zilikaa bega kwa bega. Kichwa cha mwanzo cha ya kwanza kilikuwa na alama za meno ya kibanio, na shimo dogo ambapo madini ya risasi yalikuwa yameyeyuka. Kichwa cha mwisho cha ya pili vilevile. Vichwa viwili vya katikati havikuwa na hata mkwaruzo mpya.

Dereva wa lori alimkuta hapo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyezoea kuosha damu nyuma ya lori bila kuuliza ni ya nani.

"Unatafuta nini humo, Kobe?"

Mpelelezi alimvuta ukosi, akamgongesha kichwa kwenye bodi, si kwa nguvu zake zote.

"Ukibusti gari dogo unabana wapi?"

"Betri moja! Hii hapa, mwanzo na mwisho wake. Kila dereva wa lori anajua. Kwa nini unanipiga?"

"Nani alibana zote mbili?"

Dereva alitazama alama za meno. Akafumba macho.

"Siku ile mimi waya sikushika," alisema.

"Nani alishika?"

"Nina watoto, Kobe. Nipige tena kama unataka. Nina watoto."

Mpelelezi alimwachia. Mtu wa kusema alikuwepo, ila alikuwa na hofu kubwa kuliko kipigo, na hofu ya namna hiyo haitolewi na Nyundo wala na jiwe. Ilibidi aliyeipanda aje kuing'oa mwenyewe.

Gari la Mkuu liliegeshwa kivulini mwa ukuta. Milango haikufungwa kwa ufunguo, maana hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuigusa. Mpelelezi alifungua, akazungusha swichi ya taa kubwa, akafunga mlango. Jua lilikuwa kali. Taa ziliwaka na hakuna aliyeziona. Kisha akamtuma mtu amwite Mama Fyuzi aje na aisoleta, akaenda kukaa benchini na binti wa marehemu.

"Watampeleka?" mwanamke aliuliza.

"Watajaribu."

*

Saa tisa ilipokaribia walimtoa dereva wa teksi, wakamburuta kwa makwapa, magoti yakichora mistari vumbini. Nyundo alimpandisha nyuma ya lori na kumfunga kwenye mnyororo. Mkewe alipiga ukelele, na Nyundo akamsukuma hadi akaanguka. Askari wa zamu walisimama wakitazama, na mahabusu walikuwa wamejaa dirishani.

Mkuu alitoka amevaa kofia vizuri. Aliingia garini mwake, akazungusha ufunguo. Gari likasema tek. Akazungusha tena. Tek.

"Nani amegusa gari langu?"

Aliangalia saa, akapiga usukani ngumi.

"Dereva! Sogeza lori, libusti hili takataka. Hakimu hanisubiri mimi!"

Dereva alisogeza lori, akashuka na waya za kubusti. Alifunua sanduku, akainama, akaanza kusukuma kebo iliyounganisha betri mbili ili apate kichwa cha katikati. Kebo ilikuwa ngumu. Alirudi kutafuta spana.

"Unafanya nini, mjinga?"

"Natafuta njia ya betri moja, Mkuu. Tukibana zote…"

Mkuu alimpokonya waya na kumchapa nazo usoni. Kibanio cha shaba kilimpasua mdomo. Dereva akaanguka kwenye gurudumu.

"Kila siku betri moja, betri moja! Umri wote huo hujui kubana waya!"

Mbele ya uwanja mzima, Mkuu aliinama kwenye sanduku mwenyewe. Alibana mwanzo wa betri ya kwanza. Alibana mwisho wa betri ya pili. Meno ya vibanio yaliingia kwenye alama zake za zamani kama mguu kwenye kiatu. Akavuta ncha nyingine hadi kwenye gari lake, boneti ikiwa wazi, akagusisha.

Taa kubwa za gari, zilizokuwa zimefifia mpaka zikawa njano, zilimeta nyeupe kuliko jua. Kisha moja ikapasuka, paa! Nyingine ikafuata. Taa ya ndani ikaungua. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, na betri ikaanza kuchemka kama sufuria.

Mama Fyuzi alikuwa langoni. Alitembea mpaka katikati, akaiweka aisoleta ya mzee juu ya bampa ya lori, na kando yake zile balbu tatu nyeusi.

"Ndugu zake hawa hapa," alisema.

Mkuu alizitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haraka.

Ni dereva wa lori aliyezungumza, akiwa bado ameketi chini, mdomo umegawanyika.

"Ndivyo hivyo hivyo ulivyobana kwa mzee. Nilikwambia betri moja. Ukanizaba kofi, ukaniambia nikae kwenye lori nisitazame. Lakini nilisikia. Mzee alisema, 'Niueni basi, siendi.' Ukamjibu kwa chuma cha jeki. Nilisikia mpaka aliponyamaza, na ulivyoendelea baada ya kunyamaza."

Mkono wa Mkuu ulikwenda kiunoni. Bastola ilitoka, ikamwelekea dereva. Kabla ya kufyatua, aliegemeza mkono kwenye ukingo wa injini ili shabaha isitikisike, na huo ndio ukawa msiba wake. Mpelelezi, aliyekuwa upande wa pili, aliiangusha boneti kwa uzito wake wote.

Mfupa ulivunjika kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia. Risasi ilipiga betri, na tindikali ikamrukia Mkuu kifuani. Alipiga mayowe. Mpelelezi aliinua boneti, akaiangusha tena. Hiyo ya pili haikuhitajika kwa kazi.

"Nyundo!" Mkuu alilia. "Mpige! Mpige huyo!"

Nyundo alimtazama Mkuu, akamtazama Kobe, akatazama askari wote waliokuwa wakimtazama yeye. Maisha yake yote alikuwa amepiga aliyeonyeshwa. Alichomoa pingu kiunoni na kumpa mpelelezi, kisha akaenda kuchukua shati lake msumarini.

"Hata wewe usiende mbali," mpelelezi alimwambia.

Dereva wa lori alipanda nyuma, akafungua mnyororo. Walimteremsha dereva wa teksi na kumlaza kivulini, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Kwenye mnyororo ule ule, pale pale, wakamfunga Mkuu kwa mkono uliobaki mzima. Simu ilianza kulia mfukoni mwake. Mpelelezi aliitoa, akasoma jina la mkubwa wa wakubwa aliyekuwa anapiga, akairudisha mfukoni ilie.

Binti wa mzee aliinua macho. Alikuwa akitazama balbu zilizokuwa juu ya bampa, akizihesabu kwa midomo.

"Baba alikuwa na taa mbili kitandani," alisema. "Ya mama iko wapi?"

Mpelelezi alitoa leso mfukoni, akaifungua. Balbu ilikuwa ndani, haijaungua, na vumbi lake bado juu yake. Mwanamke aliipokea kwa mikono miwili, hakulifuta.